Mrembo wa zamani aliyepoteza jina la bidhaa yake: uchambuzi wa kisa

Kuhusu kisa hiki

Kazi yangu ni kuwasaidia wajasiriamali wadogo kupanga hesabu zao, na kisa hiki nimekifuatilia kwa miaka kadhaa nikiwa nashika vitabu vya mhusika mwenyewe. Jina lake nimeliondoa, nimeondoa pia mwaka wa taji, kanda aliyotoka, jina la bidhaa ya zamani na ya sasa. Humu nitamwita Dada T. Kasoma kabla sijakitoa na kakubali kitoke, alichosisitiza ni kwamba wadogo zake wanaopanda jukwaani sasa hivi wakisome hasa ile sehemu ya makaratasi.

Alikotokea

Kwa wasiojua, mashindano ya urembo ya taifa yalifanyika hapa Tanzania 1967 halafu yakapigwa marufuku, yakarudi 1994, na kipindi cha miaka ya 2000 yakawa makubwa kweli. Msichana alikuwa anaanzia kitongoji, akishinda anapanda kanda, kina Kinondoni, Ilala na Temeke kwa upande wa Dar, halafu ndo kambi ya taifa. Dada T alishinda kitongoji akachukua na taji la kanda, kambi ya taifa akaingia ila hakutoka na taji. Alikuwa na miaka 20, kamaliza form six, baba dereva na mama anauza maandazi na chapati asubuhi.

Kuna watu mpaka leo wanaamini mrembo hawezi biashara, na hapo naona wanawakosea heshima wengi. Jacqueline Ntuyabaliwe aliyevaa taji la taifa 2000 alikuja kuanzisha kampuni ya samani ya Molocaho, Faraja Kotta wa 2004 kaanzisha Shule Direct ya masomo mtandaoni, Flaviana Matata aliyekuwa Miss Universe Tanzania 2007 ana Lavy ya rangi za kucha, na Basila Mwanukuzi wa 1998 akaja kuyachukua yenyewe mashindano ya Miss Tanzania akayaandaa. Hao wote ni watu wanaojulikana. Dada T hajulikani kiasi hicho, na kisa chake nimekichagua kwa sababu hiyo hiyo, maana warembo wengi wa vitongoji na kanda wako kwenye hali kama yake: mtaani bado wanaitwa "Miss" ila mfukoni hawana kampuni nyuma yao wala mwanasheria.

Baada ya taji alipata matangazo mawili matatu ya biashara, akafanya maonyesho ya mavazi, akaolewa, akazaa, ndoa ikavunjika. Alipofika miaka thelathini na kidogo alikuwa na mtoto mmoja, saluni ndogo kwenye fremu ya kupanga, na jina ambalo watu wa Dar wa rika lake walikuwa bado wanalikumbuka.

Saluni na mzigo wa kuitwa Miss

Saluni ilidumu kama miaka mitatu. Wateja hawakuwa tatizo, siku ya kwanza tu walijaa. Tatizo lilikuwa kinachotoka. Mrembo wa zamani akipewa kadi ya harusi hategemewi kuchangia kama watu wengine, mwenye kamati anampigia simu kabisa anamwambia "Miss, wewe tumekuweka kwenye wale wakubwa". Akienda kitchen party lazima awe na sare, kashonea kwa fundi mzuri, na zawadi ya kueleweka. Ndugu wakiugua anapigiwa yeye wa kwanza. Na hakuwa na mshahara aliojipangia, kwa hiyo hela yote hiyo ilikuwa inachotwa kwenye droo ya saluni, leo elfu hamsini, kesho laki, halafu mwenye fremu akija kudai kodi ya miezi sita hela haipo.

Nilipoanza kumshikia vitabu, hiki ndo kitu cha kwanza nilichokiona na kwa maoni yangu ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Umaarufu una gharama za kila mwezi, ni gharama kama kodi na umeme, sema hakuna anayeziandika. Tukaziandika. Kwa miezi mitatu kila mchango na kila gauni vikaingia kwenye daftari, na alipoona jumla yake imepita kodi ya fremu alikaa kimya muda mrefu halafu akasema atajiwekea mshahara, na michango itoke kwenye mshahara, ikiisha imeisha. Alikosana na watu kadhaa kwa hilo.

Mafuta

Wazo la mafuta lilitoka humo humo saluni. Wateja wengi walikuwa wanakuja nywele zimekatika pembeni kwa ajili ya kusuka kwa kubana na dawa, na yeye alikuwa anawapaka mchanganyiko wake mwenyewe: mafuta ya nazi, mafuta ya mnyonyo na shea, yale mafuta mazito ya mbegu za mti wa shea. Nazi alikuwa anapata za Mafia kupitia mama mmoja anayekamua, shea ilikuwa inatoka kaskazini mwa Uganda ambako ile miti inaota yenyewe. Wateja wakaanza kuomba wauziwe kikopo waende nacho nyumbani, ndo ikawa biashara.

Mwanzoni ilimsumbua sana na hapa naomba nieleze kidogo kwa sababu wengi wanaotengeneza mafuta majumbani wanakwama hapo hapo. Shea inayeyuka kwa joto la karibu na la mwili wa mtu, sasa Dar mwezi wa kwanza, dukani hakuna kiyoyozi, kopo mchana linakuwa maji na usiku linaganda tena. Likiganda polepole linafanya vipunje vipunje, mteja akichota anasikia kama kuna sukari ndani, anadhani limeharibika. Makopo yalirudishwa mengi. Alijaribu kuongeza nazi ikawa mbaya zaidi, maana nazi nayo inayeyuka mapema. Kilichomsaidia ni nta ya nyuki, ya Tabora, akaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, akaichanganya na shea ikiwa bado moto, halafu makopo yakawa yanapozwa haraka kwenye beseni la barafu badala ya kuachwa juu ya meza yapoe yenyewe. Kila bechi aliiandikia: tarehe, kipimo cha kila kitu kwa gramu, nani kapika, na siku saba baadaye anafungua kopo moja anaandika limekaaje. Lile daftari baadaye ndo lilimwokoa.

Kuna uamuzi mwingine wa kipindi hicho ambao nauheshimu sana. Muuzaji mmoja wa malighafi alimshauri atoe na losheni ya kung'arisha, akamwambia wazi kwamba mrembo mweupe akiuza losheni ya kuwa mweupe hela atahesabu kwa kilo. Dada T ni maji ya kunde ya kuzaliwa na anajua watu wangedhani ni losheni. Akakataa. Haidrokwinoni na zebaki, zile kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini na kuna watu ngozi zimeharibika kabisa, lakini sababu aliyonipa mimi ilikuwa fupi: wateja wake wa saluni anawagusa kwa mikono yake, hawezi kumpaka mtu kitu ambacho hawezi kumpaka mwanawe.

Mshirika anaingia

Mahitaji yalipokua mtaji ukawa mdogo. Akajitokeza mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo, mtu waliyefahamiana tangu enzi za taji. Akaleta hela ya mashine ya kujazia, chupa na lebo. Kampuni ikasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, yeye mshirika akawa na hisa nyingi kidogo kuliko Dada T kwa sababu ndo aliyeweka fedha. Jina la bidhaa likawa ni lile jina la utani ambalo Dada T alipewa na watu siku ya taji, na kwenye lebo ikawekwa picha yake.

Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo. Dada T anapika na kusimamia ubora na anajitokeza mbele ya watu, mshirika anashughulikia usajili, vibali na usambazaji. Maneno aliyoambiwa anayakumbuka mpaka leo: "Dada, wewe endelea kupendeza na kupika, makaratasi niachie mimi." Na kwa kweli upande wa vibali kulikuwa na usumbufu halisi, maana vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na mwaka 2019 vikahamishiwa TBS, shirika la viwango, kwa hiyo faili lilianzia huku likamalizikia kule, mtu yeyote angefurahi kumwachia mwenzake foleni hizo.

Uzinduzi ukafanyika hotelini, zulia jekundu, mapambo, mshereheshaji, waandishi wa habari. Sehemu kubwa ya fedha iliyokuwa imetengwa kwa malighafi ya miezi minne iliishia pale kwa usiku mmoja. Hoja ya mshirika ilikuwa kwamba Miss hawezi kuzindua kimya kimya. Wiki tatu baadaye oda zilikuja nyingi na shea ikawa imeisha stoo.

Kitu kingine ni mali kauli. Maduka ya Kariakoo yalichukua katoni kwa ahadi ya kulipa mzigo ukiisha, mzigo ukaisha, malipo hayakuja, ukimpigia mwenye duka anakwambia leta mwingine kwanza. Kwenye vitabu tulikuwa na mauzo mazuri na benki hamna kitu. Dada T akaanza kusisitiza nusu ilipwe mzigo unaposhushwa, mshirika akapinga kwa kuwa wenye maduka wale ni watu wake. Hapo ndo walipoanza kutoelewana.

Siku ya kugundua

Msambazaji mmoja wa mikoani alitaka kuchukua bidhaa kwa mkataba, akaomba nakala ya cheti cha alama ya biashara. Dada T akaingia kwenye mfumo wa BRELA kutafuta na akakuta jina limesajiliwa kama alama ya biashara kwa zaidi ya miaka miwili, mmiliki ni mshirika wake binafsi. Kampuni haimo wala yeye hayumo.

Akanipigia usiku ule. Alichokuwa anarudia ni kimoja tu, "lakini jina tulisajili, cheti nimekiona kwa macho yangu". Cheti alichokiona ni cha kampuni. Kusajili kampuni au jina la biashara kunakuruhusu ufanye biashara kwa jina hilo, lakini haki ya kuzuia mwingine asiliweke kwenye bidhaa za aina hiyo inatokana na usajili wa alama, ambao una fomu yake na ada yake peke yake. Ombi la alama linatangazwa kwenye jarida la BRELA na yeyote mwenye pingamizi anapewa siku 60. Siku hizo zilishapita zamani na hakuna mtu wa kwake aliyekuwa analisoma jarida. Usajili unadumu miaka saba ya kwanza, halafu unahuishwa kwa miaka kumi kumi.

Asubuhi yake tukagundua la pili: namba ya simu iliyofungulia ukurasa wa Instagram wa bidhaa ni ya binamu wa mshirika. Nywila ikawa imebadilishwa kabla ya saa sita mchana.

Maamuzi, na kwa nini

Wakili aliyemwona alimpa njia tatu. Ya kwanza ni kwenda mahakamani kuomba usajili ufutwe, na ushahidi alikuwa nao, picha za vikopo vya zamani zenye tarehe, risiti za lebo za mwanzo, daftari la bechi, jina lenyewe lilikuwa lake la utani na magazeti ya enzi zile yanaonyesha. Kesi ilikuwa na nguvu. Lakini wakili alimwambia ukweli kwamba ingeweza kuchukua miaka, na wakati wote huo hakuna duka litakalotaka kubeba mzigo wenye mgogoro. Njia ya pili ni kulinunua jina, na bei aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko thamani ya mashine zote. Ya tatu ni kuliacha na kuanza na jina jipya.

Ndugu zake wote walitaka mahakama, na nawaelewa, jina ni lake. Yeye akauliza swali ambalo nadhani ndo lilibeba kisa kizima: wateja wangu wananunua nini? Tukakaa na orodha ya namba za simu, zile za tangu saluni, ambazo zilikuwa kwenye laini yake mwenyewe. Akawapigia mmoja mmoja wanaonunua mara kwa mara. Wengi wao hata jina la bidhaa walikuwa wanalikosea, walisema tu "yale mafuta yako". Walionunua kwa ajili ya picha na jina wengi walinunua mara moja, kipindi cha uzinduzi, hawakurudi.

Basi akachagua kuliacha jina, ila sio bure. Mshirika alikuwa na jina, sura iliyokuwa kwenye lebo ilikuwa ya Dada T na hakuna karatasi yoyote aliyowahi kusaini kuruhusu itumike bila yeye kuwepo. Wakili akaanzia hapo kujadiliana. Wakafikia makubaliano ya maandishi: mshirika anaondoa picha kwenye lebo zote na matangazo yote, Dada T hadai tena jina, anatoka kwenye kampuni na analipwa sehemu ya hisa zake kwa mashine moja ya kujazia na madeni ya baadhi ya maduka, na stoki iliyopo kila mtu anamalizia ndani ya miezi sita. Mapishi yanabaki kwake. Hilo la mapishi lilileta ubishi wa siku nyingi, na ni lile daftari la mwandiko wake, lenye tarehe za kabla mshirika hajaingia, lililomaliza ubishi.

Uamuzi wa mwisho ulinishangaza: kwenye lebo mpya hakuweka sura yake. Watu wa matangazo walimwambia anatupa silaha yake kubwa. Yeye akasema anataka kujua mafuta yanauzika yenyewe au hayauziki, na pia siku akiamua kuuza kampuni hataki kuuza na uso wake.

Matokeo

Mwaka wa kwanza mauzo yalianguka zaidi ya nusu. Alirudi kupika mwenyewe na msichana mmoja, akachukua barua ya utambulisho SIDO, shirika la viwanda vidogo, akaanza upya na TBS kama mjasiriamali mdogo. Jina jipya aliliombea usajili wa alama kabla hata ya kuchapa lebo ya kwanza, kwa jina la kampuni yake anayoimiliki yeye na mdogo wake wa kike.

Kariakoo hakurudi. Akaenda kwenye masaluni, ambako anawajua watu na wanamjua, akawauzia mafuta kwenye ndoo ya lita tano kwa kutumia kazini, na pembeni makopo ya kumuuzia mteja anayetaka kwenda nayo nyumbani, msusi anapata chake kwa kila kopo. Malipo ni Lipa Namba mzigo unaposhuka. Mwaka wa tatu mauzo yalipita yale ya kipindi cha uzinduzi, na safari hii hela iko benki.

Bidhaa ya zamani ipo bado sokoni ila imepungua, walibadilisha mapishi na ile shida ya vipunje ikarudi.

Tunachokiona humu

Kilichofanya kazi kwa maoni yangu ni vitu vilivyokuwa mikononi mwake kabisa: mapishi yaliyoandikwa, namba za wateja kwenye laini yake, wauza malighafi anaowajua kwa majina. Alipopokonywa jina na ukurasa, hivyo havikupokonyeka. Kukataa losheni ya kung'arisha nako kulimsaidia kwa njia ambayo hakuitegemea, masaluni yalimpokea kwa urahisi kwa sababu wasusi wanajua nani anauza nini.

Kilichofeli ni kuigawa kazi vibaya. Kuna mtindo wa kuwachukulia hawa dada kama sura ya biashara, na wao wenyewe wanalelewa hivyo kuanzia kambini, unaambiwa tabasamu, simama hivi, mikataba anasoma promota. Dada T alikuja kwenye biashara yake mwenyewe na tabia hiyo hiyo ya kuachia wengine makaratasi, na mshirika alijua. Sisemi hivyo kumlaumu, aliyemwekea mtego ndo mwenye kosa. Lakini jina lake ndo lilikuwa mtaji mkubwa ulioingizwa kwenye ile kampuni, mkubwa kuliko mashine, na halikuthaminiwa kwa shilingi wala kuandikwa popote. Mashine iliandikwa. Kama jina nalo lingepewa thamani siku ile wanagawana hisa, yeye ndo angekuwa na hisa nyingi, na mtu wa kwanza kuulizwa nani anamiliki alama angekuwa yeye.

Uzinduzi ule wa hotelini nauweka kwenye hasara moja kwa moja. Ulileta wanunuzi wa mara moja kipindi ambacho stoo haina malighafi, yaani waliokuja wa pili walikuta hamna.

Kuhusu kuacha kesi, watu tunaobishana nao mpaka leo wapo, na mmoja wao ni mama yake mzazi. Hoja yao ni kwamba ukiachia jina moja unawafundisha wengine kuiba. Hoja hiyo ina uzito na kwa mtu mwenye akiba ya kumlipa wakili miaka minne ningemshauri apigane. Dada T alikuwa na akiba ya miezi mitano na ada ya shule ya mtoto.

Alipo sasa

Hivi karibuni wakala mmoja wa Darajani, Unguja, ameomba apelekewe mzigo. Usajili wa alama wa BRELA haufiki Zanzibar, kule kuna wakala wao wa usajili, BPRA, na unaomba upya. Wakala alikuwa na haraka anataka katoni ziende na boti ya wiki ile ile, Dada T akamwambia asubiri, akajaza fomu mwenyewe na kwenda kuiwasilisha, na katoni za kwanza zikapanda boti baada ya kupata namba ya ombi. Bei ya jumla ya huko bado wanavutana.